Mchungaji Aliyewaendea Watu wa Mirihi

Mchungaji Collins anatoka handakini peke yake. Hakuna aliyemtuma. Nyuma yake wanajeshi wanasubiri amri, mizinga imeelekezwa, na mbele yake mashine za watu wa Mirihi zinaelea juu ya ardhi, shingo zimenyanyuka kama swila aliyechokozwa. Anatembea taratibu, Biblia mkononi, anaisema Zaburi ya 23: nijapopita kati ya bonde la uvuli wa mauti. Shingo moja inageuka, inamtazama. Kwa nukta chache mtazamaji anaamini kwamba huenda kiumbe aliyemo ndani anasikiliza. Kisha mwale unatoka, na mchungaji hayupo tena.

Tukio hilo limo katika The War of the Worlds, filamu ya Marekani ya mwaka 1953 iliyotayarishwa na George Pal na kuongozwa na Byron Haskin. Nimelitazama mara nyingi na sijalizoea. Ukiitazama filamu hiyo leo utaziona nyaya zinazozining'iniza mashine, maana katika nakala nyingi zinaonekana waziwazi. Utamwona Sylvia Van Buren, mwalimu wa chuo kikuu, akipewa kazi ya kupiga mayowe na kumkaangia mwanasayansi mayai. Hayo ni makosa ya zama zake na mtu huyapita. Kosa linaloniuma liko kwingine: wale walioichukua hadithi hii kutoka kwa mwandishi wake Mwingereza, H. G. Wells, walizichukua mashine, wakaiacha dhambi ya ukoloni. Na filamu nyingi za uvamizi wa viumbe wa sayari nyingine zimerithi pengo hilo mpaka leo.

Nianze na uzuri wa filamu hizi, kwa sababu ninazipenda.

Juni 1947 rubani Kenneth Arnold alisema ameona vitu tisa vikipita kwa kasi karibu na Mlima Rainier, na magazeti yakaanza kuandika habari za visahani vya angani. Agosti 1949 Umoja wa Kisovieti ukalipua bomu lake la kwanza la atomiki. Juni 1950 vita vikaanza Korea. Raia wa Marekani, aliyetoka kushinda vita vikubwa kuliko vyote, akajikuta anatazama juu kwa hofu. Filamu za miaka ile zilizaliwa hapo, na ndiyo maana bora kati yake hazina haja ya kutueleza kwa nini watu wanaogopa. Hofu ilikuwa imeshaketi ukumbini kabla taa hazijazimwa.

Tazama jinsi filamu ya Haskin inavyolitumia bomu lenyewe. Jeshi limeshindwa kwa kila silaha, sasa linaleta ya mwisho. Ndege inayoidondosha ni ndege halisi ya kampuni ya Northrop, ile iliyokuwa mabawa matupu bila mkia, kwa hiyo hata ndege yetu inaonekana kama imetoka sayari nyingine. Watu wanavaa miwani myeusi, wanainama. Wingu la uyoga linapanda. Vumbi linapoanza kutulia, mashine zinatoka ndani yake bila mkwaruzo. Wakati huo ilikuwa imepita miaka minane tu tangu Hiroshima, na nchi pekee iliyowahi kulitupa bomu hilo juu ya watu ilikuwa imekaa sinema ikiliona halifui dafu. Mwanasayansi anapiga hesabu kwamba dunia itakwisha kutekwa kwa siku sita. Sylvia anasema ni siku zilezile zilizotumika kuiumba.

Na bado filamu haijafika kilele chake. Kilele kiko Los Angeles, watu wanapoukimbia mji. Wanasayansi wamebeba vifaa ambavyo huenda vikaiokoa dunia, na umati unayavamia magari yao, unawashusha kwa ngumi, vifaa vinavunjwa barabarani. Mtu wa Mirihi hana habari na tukio hilo. Tumelifanya wenyewe. Nikiulizwa kwa nini filamu hizi zinashika moyo, jibu langu ni hapo: mvamizi anapokuwa hashindiki, macho yanamwacha yeye na kumgeukia jirani.

Kuna na furaha nyingine, isiyosemwa sana. Independence Day ya Roland Emmerich, ya mwaka 1996, niliiona kwa mara ya kwanza kwenye kibanda umiza, tumebanana kwenye mabenchi, mtafsiri akiizungumza kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Ikulu ya Marekani ilipolipuka, kibanda kizima kilishangilia. Hakuna pale aliyekuwa na chuki na Marekani. Nusu yetu tulikuwa tumevaa fulana zenye bendera yake. Ilikuwa furaha ya kuona kwamba hata mwenye nguvu kuliko wote anaweza kuamka asubuhi akakuta kivuli kimefunika mji wake, na asijue la kufanya. Sisi ni wajukuu na vitukuu vya watu walioamka wakakuta kivuli hicho.

Ndipo tunamfikia H. G. Wells. Hadithi yake ilitoka jaridani kwa sehemu sehemu mwaka 1897 na kuwa kitabu mwaka 1898. Watu wa Mirihi wanashuka Surrey, karibu na Woking, wanachoma vijiji, wanaiendea London. Lakini kabla hajawashusha, katika sura ya kwanza kabisa, Wells anamsimamisha msomaji wake Mwingereza na kumwambia asiwahukumu wageni hao kwa ukali, akumbuke kwanza Wazungu walichowatenda watu wa Tasmania ndani ya miaka 50. Wells hakuwa mtakatifu. Katika ukurasa huohuo anawaita watu hao jamii za chini, tena anawaandika kana kwamba wamekwisha wote, ilhali vizazi vyao wapo hadi leo. Hata hivyo, swali aliliweka mlangoni, na huwezi kuingia ndani ya kitabu bila kulipita: je, kama sisi ndio tungekuwa wao?

Mwaka huohuo wa 1898, mwezi Julai, Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijiua ili asiangukie mikononi mwa Wajerumani. Miaka saba kabla, Agosti 1891, wapiganaji wake waliushambulia msafara wa kamanda wa Kijerumani Emil von Zelewski pale Lugalo na kumwua Zelewski mwenyewe. Wajerumani wakarudi na mizinga, na Oktoba 1894 ngome ya Kalenga ikaanguka. Septemba 1898, Omdurman nchini Sudan, mizinga na bunduki za rashasha za Maxim ziliua zaidi ya watu 10,000 ndani ya saa chache. Upande wa Waingereza na Wamisri waliokufa hawakufika 50. Mwale wa moto wa Wells haukutoka katika ndoto. Msomaji wake alikuwa akisoma habari za mwale huo magazetini kila juma, ila yeye alikuwa upande wa nyuma ya mtambo.

Filamu ya 1953 inafunguka kwa sauti nzito ya Cedric Hardwicke ikitutembeza sayari baada ya sayari, kueleza kwa nini watu wa Mirihi waliichagua dunia. Ni dakika nzuri sana. Tasmania haimo. Hakuna neno moja linalomuuliza Mmarekani aliyeketi California ardhi ile ilikuwa ya nani kabla yake.

Kimebadilishwa kitu kingine, na hiki ndicho kinachonifanya nimrudie mchungaji Collins. Katika kitabu pia yumo kasisi, lakini ni kasisi aliyevunjika. Amejificha na msimulizi ndani ya nyumba iliyobomoka, analia, anakula akiba ya chakula, anapaza sauti hadi msimulizi anampiga ili anyamaze, na watu wa Mirihi wanamvuta nje. Wells alitaka kuonyesha imani iliyozoea utulivu ikikutana na kitu isichokuwa na jibu nacho. Hollywood ikamgeuza kasisi huyo kuwa shujaa. Nakiri kwamba kifo cha Collins ni kizuri kuliko chochote kingine filamuni. Lakini baada ya kumwua mtu wa Mungu kwa namna ile, filamu ilikuwa na deni la kutuambia maana yake, na ilipofika mwisho ikalikimbia.

Halafu kuna damu. Watu wa Mirihi wa Wells hawali chakula. Wanachukua damu ya binadamu walio hai na kuitia katika mishipa yao wenyewe. Jambo hili filamu ya 1953 ililiondoa kabisa, nadhani kwa kuona ni la kutisha mno. Msomaji wa pwani yetu hahitaji kuelezwa. Wazee wetu walisimulia habari za mumiani na chinjachinja, watu waliosemwa kuwanyonya wenyeji damu kwa ajili ya wakubwa, na Kenya na Uganda jina la wazimamoto liliogopwa kwa sababu hiyohiyo. Mwingereza mmoja na watu ambao hawakuwahi kukisoma kitabu chake walifikia picha moja ya mtawala: mgeni mwenye vyombo vinavyong'aa anayeishi kwa damu yako. Sidhani kama ni bahati tu. Mtu anayetolewa jasho bila malipo hutafuta neno la kulitaja, na damu ndiyo iliyo karibu.

Sasa huo mwisho.

Watu wa Mirihi wanakufa kwa vijidudu. Kila anayeichambua hadithi hii hulalamika kwamba ni mwisho wa bahati nasibu, na kwa filamu malalamiko ni ya haki kwa kiasi kikubwa. Kwa kitabu si ya haki. Sentensi ya kwanza ya Wells inasema kwamba binadamu alikuwa akichunguzwa kama mtu anavyovichunguza kwa hadubini viumbe vidogo ndani ya tone la maji. Vijidudu vimo tangu mstari wa kwanza. Kitabu kizima ni ngazi ya wadogo na wakubwa, kila mmoja akimdharau aliye chini yake, na mwishoni aliye chini kabisa anamwangusha aliye juu kabisa. Huo ni ujenzi.

Filamu nayo ilitupa dokezo: wanasayansi wanaipima damu ya mtu wa Mirihi na kukuta ni dhaifu. Lakini dokezo linatupwa pembeni. Badala yake tunakimbizwa kanisa hadi kanisa, Forrester, yule mwanasayansi aliyekaangiwa mayai, akimtafuta Sylvia, watu wamepiga magoti, na mashine zinaanguka nje wakati ukuta wa kanisa unaporomoka. Mkono wa kiumbe unatoka kwenye tundu, unatulia. Watu wanakusanyika, wanaimba, sauti ya Hardwicke inavitaja viumbe wadogo kabisa ambao Mungu kwa hekima yake aliwaweka duniani. Maneno hayo ni ya Wells. Kwake yalikuwa yanamshusha binadamu. Hapa yamekuwa cheti cha kwamba tulistahili kuokolewa. Na mchungaji Collins, ambaye sala yake haikujibiwa, hatajwi.

Historia halisi ya vijidudu ilikwenda njia mbili. Malaria iliwaua Wazungu wengi Afrika Magharibi hadi kwinini ilipowakinga, kwa hiyo Wells hakubuni kutoka hewani. Lakini Amerika ndui ilitembea pamoja na mvamizi, mara nyingine mbele yake. Huku kwetu sotoka iliingia kupitia Pembe ya Afrika mwishoni mwa miaka ya 1880 na kuangamiza ng'ombe, na jamii za wafugaji zikakutana na wakoloni zikiwa zimeshapigwa na njaa. Filamu inayomwonyesha mvamizi akija na maradhi yake, na wenyeji wakizika watu na mifugo kabla hata ya risasi ya kwanza, ningeikesha.

Waliofuata waliiga mwisho huo bila ujenzi wake. Mwaka 1996, katika Independence Day, kijidudu kikawa kirusi cha kompyuta, kilichopakiwa kutoka kompyuta ya mkononi hadi kwenye chombo kikuu cha wageni. Mwaka 2002, katika Signs, wageni wanaumizwa na maji, na wamekuja kuivamia sayari ambayo sehemu kubwa yake ni bahari. Sioni haja ya kuchambua zaidi. Mtunzi amejenga adui asiyeshindika, mtayarishaji anataka watu watoke ukumbini wakitabasamu, steringi asife, na njia pekee iliyobaki ni ajali.

Lakini Independence Day ina jambo lililonisumbua kuliko kirusi chake. Kabla ya pambano la mwisho, rais anawahutubia marubani na kusema kwamba tarehe 4 Julai haitakuwa tena sikukuu ya Marekani peke yake. Itakuwa siku ya uhuru wa dunia yote. Niliyakubali nikiwa mtoto. Niliporudi kuyasikiliza nikiwa mtu mzima, nilifikiria 9 Desemba 1961 na 12 Desemba 1963, na watu waliofungwa na kuuawa ili tarehe hizo ziwepo. Wamarekani wanaigundua mbinu ya kuviangusha vyombo, wanaituma duniani, na ulimwengu unaitii. Kisha inakuja picha fupi ya mataifa yakishangilia, na Afrika katika picha hiyo ni watu wenye mikuki wanaotazama chombo kikifuka moshi. Nakumbuka mtafsiri wa kibanda chetu alisema kwa upole, "Na huku kwetu nako wamefurahi." Hakukuwa na kingine cha kusema. Hatukuwa tumepewa kazi nyingine.

Filamu ninayoiweka juu ya zote haina hata chombo kimoja cha angani. Invasion of the Body Snatchers ya Don Siegel, ya mwaka 1956, ina urefu wa dakika 80, haina rangi, na haikugharimu pesa nyingi. Daktari Miles Bennell anarudi katika mji wake mdogo wa Santa Mira na kukuta wagonjwa wenye malalamiko yanayofanana. Mtoto anamkimbia mama yake akisema si mama yake. Mwanamke aitwaye Wilma anasema mjomba Ira si mjomba Ira. Sura ni yake, kovu la shingoni lipo, kumbukumbu zote anazo. Kilichokosekana ni ule mtazamo wa machoni aliokuwa akimtazama nao. Baadaye tunajua kwamba maganda makubwa ya mmea kutoka angani yanazaa nakala ya mtu wakati amelala.

Kwetu tunazo habari za msukule. Mtu anaonekana amekufa, anazikwa, kumbe kilichozikwa ni mgomba na mwenyewe yuko shambani kwa mchawi anatumikishwa. Ndugu wamebaki na kaburi, mwili umeibiwa. Santa Mira ni kinyume chake, na kwangu ni ya kutisha zaidi. Mwili haukwenda popote. Unakuja mezani, unakusalimu, unakukumbusha deni lako. Hakuna msiba, kwa hiyo hakuna hata ruhusa ya kulia. Miles na mpenzi wake Becky wanajificha pangoni, Miles anatoka kidogo, anarudi, anambusu, na kwa busu hilo anajua kwamba Becky alisinzia. Sijui tukio la uvamizi lililo dogo kiasi hicho na zito kiasi hicho.

Wapo walioiona filamu hiyo kuwa ni onyo dhidi ya ukomunisti, na wapo walioiona ni onyo dhidi ya seneta Joseph McCarthy na msako wake wa wakomunisti. Inazibeba tafsiri zote mbili, kwa sababu imekishika kitu kilicho chini ya zote: uchungu wa kuwa mtu pekee ambaye bado anahisi. Siegel alitaka imalizike Miles akiwa katikati ya barabara kuu, usiku, akiyagonga magari yanayompita na kupiga kelele kwamba zamu yao inakuja. Studio iliogopa. Ikalazimisha kuongezwa mwanzo na mwisho wa hospitalini, ambapo daktari anaamini hatimaye na kuagiza simu ipigwe kwa wapelelezi wa serikali. Ni ugonjwa uleule wa 1953, na hapa tunajua kabisa kwamba dawa ilitoka ofisini, haikutoka kwa msanii.

The Day the Earth Stood Still ya Robert Wise, ya mwaka 1951, husifiwa kuwa ya amani, na ni kweli kwamba Klaatu, mgeni kutoka sayari nyingine, anashuka Washington na zawadi mkononi na askari anampiga risasi. Lakini sikiliza masharti yake ya mwisho. Kaeni kwa amani, au roboti zetu zitaiteketeza dunia yenu. Babu zetu walizisikia hotuba kama hizo zikisomwa chini ya bendera, na zilikuwa na jina zuri pia: ulinzi.

District 9 ya Neill Blomkamp, ya mwaka 2009, ndiyo iliyorudisha swali la Wells kwa ujasiri mkubwa zaidi. Chombo kinakwama juu ya Johannesburg, wageni ni dhaifu na wenye njaa, na wanaovunja milango ni sisi. Jina lake linamkumbusha mtu District Six ya Cape Town, ambako utawala wa makaburu uliwahamisha watu zaidi ya 60,000. Inasikitisha kwamba filamu iliyoelewa hivyo uchungu wa kufukuzwa iliwachora Wanaijeria kama majambazi na walaji wa nyama za wageni hao, na serikali ya Nigeria ilikuwa na haki ya kulalamika.

Namrudia Wells kwa mara ya mwisho, kwenye kurasa ambazo filamu ya 1953 haikuzitaka. Vita vimekwisha. London imejengwa upya, mitaa imejaa. Msimulizi anatembea katikati ya watu na kuwaona kama wafu wanaotembea katika mji uliokufa. Anaogopa usiku. Kabla ya hapo alikuwa ameamini mkewe ameungua pamoja na mji aliompeleka kujificha, na mkewe aliamini hivyohivyo juu yake. Sasa wako pamoja, wazima. Anaushika mkono wake, na lililo la ajabu kwake kuliko yote ni kwamba kila mmoja wao amekwisha kumhesabu mwenzake miongoni mwa waliokufa.